Mtoto Anakwenda kwa Bibi Yake Morogoro, Baba Yake Anasema Hahitaji Vidonge vya Malaria

Shikamoo Shangazi,

Tunaishi Leicester, Uingereza, mimi, mume wangu na binti yetu mmoja. Kiangazi hiki tunampeleka mtoto nyumbani kwa mara ya kwanza. Tunaondoka tarehe 21 Julai na kurudi 24 Agosti. Mimi na mtoto tunatangulia, baba yake atafuata tarehe 8 Agosti kwa sababu ya likizo yake kazini. Tarehe 9 Agosti mtoto anatimiza miaka 2, na mama mkwe ameshaalika ukoo mzima Kihonda, Morogoro. Kwa sasa mtoto ana kilo 11 na nusu.

Ratiba yetu ni siku tatu Dar kwa dada yangu, kisha Morogoro hadi tarehe 14 Agosti, katikati tulale hifadhini Mikumi usiku mmoja, halafu siku 8 Zanzibar, hotelini Jambiani. Tiketi bado hatujakata. Kuna njia ya kupitia Addis Ababa ambayo ni nafuu kwa pauni 140, ila tunasubiri uwanjani saa 14. Nyingine inapitia Istanbul na kusubiri saa 4. Nimeona mtoto wa chini ya miaka 2 analipiwa kidogo sana, kwa hiyo nataka nimpakate.

Kinachoninyima usingizi ni malaria. Mume wangu anasema yeye kakulia Kihonda bila kidonge hata kimoja, na kwamba vidonge ni vya watalii. Nikisema nichukue chandarua na maji ya chupa, ananiambia mama yake ataona najidai. Rafiki yangu naye kanishauri nimpe mtoto Piriton kwenye ndege ili alale. Mimi nina pasipoti ya Tanzania, mtoto na baba yake wana za Uingereza, na mtoto anatumia jina la ukoo wa baba. Nisaidie, nisije nikaharibu safari ambayo bibi ameisubiri miaka miwili.

Mama K., Leicester

Marahaba, mwanangu.

Katika safari hii wewe na mumeo mnakwenda nyumbani, lakini mtoto anakwenda ugenini. Mwili wake haujawahi kukutana na mbu wa Kihonda, maji ya Kihonda wala jua la Jambiani. Ukilishika hilo, maswali yako mengi yatajijibu, na hata mumeo utajua umwambie nini.

Tuanze na tiketi, maana hapo ndipo pesa zinapopotea. Bei ya mtoto wa kupakatwa, ambayo mara nyingi ni kama asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima, ni ya mtoto ambaye hajatimiza miaka 2 siku anayosafiri. Wakati wa kwenda binti yako yumo. Wakati wa kurudi, tarehe 24 Agosti, atakuwa na miaka 2 na siku 15, na sheria inamtaka awe na kiti chake. Ukikata ya kupakatwa kwenda na kurudi, utakwama kwenye kaunta Dar: utatakiwa kununua kiti siku hiyo hiyo kwa bei ya siku hiyo, kama ndege bado ina nafasi, na Agosti ndege huwa zimejaa. Tovuti nyingi haziwezi kuchanganya kupakatwa kwenda na kiti kurudi, kwa hiyo piga simu kwa shirika la ndege kabla ya kulipa.

Ushauri wangu ni ununue kiti cha mtoto safari zote mbili. Nauli ya mtoto mara nyingi ni kama robo tatu ya ile ya mtu mzima, najua inauma. Lakini kutoka London hadi Istanbul ni kama saa 4, na kutoka hapo hadi Dar ni kama saa 7. Utakuwa peke yako, na kilo 11 na nusu mapajani kwa saa 11 si jambo la kuvumilia tu. Ndege ikitikisika usiku na wewe umesinzia, mikono hulegea. Kile kitanda kidogo cha watoto kinachofungwa ukutani ndani ya ndege usikitegemee, kwa kawaida kikomo chake ni karibu kilo 11 na mtoto wa umri huu miguu inabaki nje. Kama kiti chake cha gari kina lebo inayoruhusu kutumika kwenye ndege, liulize shirika likubaliane nawe kwa maandishi. Mtoto aliyezoea kulala kwenye kiti hicho garini atalala nacho hewani pia.

Njia ya Addis Ababa iache. Tanzania inadai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa kila msafiri wa kuanzia mwaka 1 anayetoka nchi yenye ugonjwa huo, au aliyesubiri kwenye uwanja wa ndege wa nchi hiyo zaidi ya saa 12. Ethiopia imo kwenye orodha. Saa zako 14 zimevuka mpaka. Ungelazimika kumchanja mtoto angalau siku 10 kabla ya kufika, na Uingereza chanjo hiyo hutenganishwa kwa wiki 4 na ile ya surua, matumbwitumbwi na rubela, kwa hiyo kalenda yake ya chanjo ingevurugika. Gharama za chanjo zingekula sehemu kubwa ya zile pauni 140. Wewe mwenyewe, kama una kadi ya zamani ya njano iliyoandikwa kwamba inaisha baada ya miaka 10, usiitupe: tangu Julai 2016 chanjo hiyo inahesabiwa ya maisha.

Sasa malaria. Mumeo anasema kweli kwamba alikua bila vidonge, ila kuna jambo analolisahau. Mtoto anayekulia Kihonda huumwa na mbu tangu siku za mwanzo, huugua, hupona, na mwili hujenga kinga nusu. Kinga hiyo hailetwi na damu ya ukoo wala hairithiwi. Hudumishwa na kuumwa mara kwa mara, na mtu akikaa Ulaya miaka michache hupungua sana. Kwa hiyo mumeo wa leo si yule wa Kihonda wa zamani, na binti yake hajawahi kuwa na kinga hiyo hata siku moja. Wengi wa wanaougua malaria Uingereza si watalii waliokwenda kuona simba. Ni watu wenye asili ya Afrika waliokwenda kutembelea ndugu, kwa sababu walijiona wenyeji. Mwambie hivyo kwa upole, kisha mwambie na yeye anameza.

Weka miadi na kliniki ya wasafiri sasa, wiki 6 hadi 8 kabla ya safari. Kwa mtoto wa kilo 11 na nusu dawa inayopendekezwa mara nyingi ni mchanganyiko wa atovakuoni na proguanili, kidonge kidogo cha watoto, kimoja kila siku. Huanzwa siku 1 au 2 kabla ya kufika, huendelea kila siku mkiwa huko, na siku 7 baada ya kuondoka. Piga hesabu: siku 2 za kabla, siku 35 kuanzia 21 Julai hadi 24 Agosti, na 7 za baada, jumla vidonge 44. Zile 7 za mwisho ndizo watu wengi huziacha, kwa kuwa wamesharudi na hawaoni mbu. Vimelea vilivyoingia usiku wa mwisho bado vimejificha kwenye ini wakati huo, na ndivyo zinavyovimaliza. Daktari atampima uzito upya, kwa sababu dozi inafuata kilo. Vidonge vya kinga NHS, yaani huduma ya afya ya umma ya Uingereza, haitoi bure, na vya watoto maduka mengi ya dawa hayaviweki, kwa hiyo viagize mapema.

Kidonge kisage, kichanganye na kijiko cha mtindi au maziwa mazito ya kopo, na umpe pamoja na chakula au maziwa yenye mafuta, maana tumbo tupu halifyonzi dawa hiyo vizuri. Saa iwe ile ile kila siku. Akitapika ndani ya saa 1, rudia dozi. Mwanzishe hiyo siku 2 kabla ukiwa Leicester, ugundue namna ya kumlisha mkiwa bado kwenu.

Kidonge peke yake hakitoshi. Mbu wa malaria huuma kuanzia magharibi hadi alfajiri, na yule wa homa ya dengi huuma mchana, na Dar imewahi kupata milipuko ya dengi, ukiwemo ule wa 2019. Nunua dawa ya kujipaka ya kufukuza mbu yenye DEET, ambayo Uingereza inaruhusiwa kwa watoto kuanzia miezi 2, hadi asilimia 50. Mimina kwenye kiganja chako kwanza ndipo umpake, usimpulizie, na usimpake vidoleni kwa sababu vitaingia mdomoni. Mafuta ya kuzuia jua yanatangulia, yakishakauka ndipo hiyo ifuate. Jioni mvalishe mikono mirefu na suruali.

Chandarua chenye dawa chukua chako, kikubwa cha kitanda cha watu wawili, mlale naye ndani. Kichomeke chini ya godoro pande zote kabla giza halijaingia, si wakati wa kulala, maana mbu akishaingia ndani mtakuwa mmemfungia pamoja na mtoto. Angalia matundu, na mtoto asilale amegusa wavu, mbu huuma kupitia humo.

Kuhusu mama mkwe, mwanangu, usimfikishie haya kama orodha ya makatazo. Mpigie simu kabla ya safari, mwambie, "Mama, daktari ametoa masharti kwa ajili ya mjukuu wako, nisaidie kuyasimamia." Kisha mkabidhi kazi: yeye ndiye atakayeteremsha chandarua kila magharibi, na yeye ndiye atakayechemsha maji ya mtoto. Bibi aliyepewa ulinzi wa mjukuu atawafukuza hata wajomba wanaokuja na juisi ya barafu. Utashangaa utakavyopumzika.

Maji yachemke hasa, yapoe yakiwa yamefunikwa, na hayo hayo ndiyo ya kumsugulia meno. Chakula cha bibi ni salama kikitoka jikoni cha moto: wali, ndizi, uji, maharage. Papai na embe vimenye wewe mwenyewe kwa mikono iliyonawa. Kinachowaponza watoto ni chakula kilichokaa tangu mchana, saladi, na vipande vya matunda vilivyokatwa barabarani.

Hata hivyo huenda akapata tumbo la kuharisha, jiandae. Weka pakiti 6 za ORS, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini. Soma kwenye pakiti kama ni ya lita 1 au nusu lita, kwa sababu zote zipo, na ukikosea kipimo chumvi inazidi au inapungua. Kabla ya kutimiza miaka 2, baada ya kila choo cha maji mpe mililita 50 hadi 100, kijiko kwa kijiko. Baada ya hapo 100 hadi 200. Akitapika, subiri dakika 10 uendelee polepole. Dispensari watakupa pia zinki, miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14. Dawa za kufunga tumbo za watu wazima usimpe. Macho yakiingia ndani, nepi ikikaa kavu kwa saa 6, akilegea, au choo kikiwa na damu, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Homa ni jambo la kupimwa siku hiyo hiyo, usisubiri asubuhi. Kipimo cha haraka cha malaria kipo karibu kila kituo cha afya. Usikubali kuuziwa dawa ya mseto dukani kwa kukisia, na usiseme haiwezekani kwa kuwa anameza kinga. Hakuna kinga inayofika asilimia 100. Mtajie daktari jina la kidonge anachotumia, kwa sababu kinaathiri uchaguzi wa tiba. Kwenye miadi ya kliniki uliza pia chanjo ya homa ya ini A, ambayo hutolewa kuanzia mwaka 1. Ile ya taifodi kwa kawaida huanza miaka 2, kwa hiyo safari hii maji na mikono ndiyo chanjo yake. Mwisho wa hilo, Kihonda acheze na viatu: funza bado wapo kwenye vumbi la nyua.

Piriton usimpe. Ni dawa ya mzio. Watoto wengine badala ya kulala huchachamaa, na wewe utakuwa mita 10,000 angani na mtoto asiyetulia. Kinachomsaidia ni tiketi ya ndege ya jioni, chakula cha kawaida, nguo za kulalia alizozizoea na kanga yako yenye harufu ya nyumbani. Ndege huanza kushuka kama nusu saa kabla ya kutua, na hapo ndipo masikio huuma. Mwamshe, mpe kikombe chake anywe kidogo kidogo hadi magurudumu yaguse ardhi. Akiwa na mafua, matone ya maji ya chumvi puani kabla ya kushuka. Saa za Uingereza kiangazi na Tanzania zinapishana 2 tu, usingizi utakaa sawa ndani ya siku mbili tatu.

Mkobani weka nepi moja kwa kila saa 2 za safari na 4 za ziada, nguo kamili mbili za mtoto na blauzi moja ya kwako. Maziwa ya mtoto hayabanwi na kile kikomo cha mililita 100, utayaonyesha tu pembeni kwenye ukaguzi. Mbeleko ibebe, itakuwa na faida kuliko kigari mkiwa Istanbul na hata kwenye soko la Darajani, Zanzibar. Na mifuko ya plastiki ya kubebea usipakie: Tanzania imeipiga marufuku tangu 1 Juni 2019. Nepi chafu zitumie mfuko wa kitambaa usiopitisha maji.

Kwa kuwa unasafiri peke yako na mtoto mwenye jina tofauti na lako, beba cheti chake cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote, na barua ya baba yenye saini, tarehe za safari, namba yake ya simu na nakala ya pasipoti yake. Mara nyingi huulizwi. Siku utakayoulizwa, barua hiyo huokoa saa nzima. Mtoto na baba yake wanahitaji viza ya Tanzania, dola 50 kila mmoja, iombwe kwenye tovuti ya Uhamiaji yenyewe, wala si kwa mawakala wenye tovuti za kufanana. Wewe hakikisha namba ya pasipoti yako ya sasa ndiyo iliyo kwenye viza yako ya kidijitali ya Uingereza, la sivyo watakukwamisha Dar wakati wa kurudi. Zanzibar nayo, tangu Oktoba 2024, inataka wageni wakate bima yake: dola 44 kwa mtu mzima, watoto wana kiwango chao. Jazeni kabla ya kuvuka, na pasipoti ziwe mkononi hata mkitokea Dar.

Gari ndilo linalonitia hofu zaidi baada ya malaria. Teksi za Dar hazina viti vya watoto. Beba cha kwako, mashirika mengi hukichukua bila malipo, ila kiwe cha kufungwa kwa mkanda wa kawaida, kwa sababu magari mengi ya zamani hayana vile vishikizo vya chuma vya kufungia viti vya watoto. Mwambie dada yako kabla hujafika afukue mikanda ya nyuma iliyozikwa chini ya vitambaa vya viti, ajaribu kama inavuta. Bodaboda hapana, hata kwenda dukani. Kwenda Morogoro pandeni treni ya SGR iliyoanza Juni 2024: chini ya saa 2, mtoto anatembea, na mnaikwepa foleni ya Kibaha.

Ratiba yenu ina sehemu moja ya kupunguza, nayo ni kulala Mikumi. Kutoka Kihonda mnaweza kuondoka kabla ya alfajiri, mkaingia lango linapofunguliwa, mkaona tembo na twiga wakati bado kuna baridi, na saa 5 mkawa njiani kurudi huku mtoto amelala. Mtoto wa chini ya miaka 5 halipi kiingilio. Msivae bluu ya giza wala nyeusi, ndorobo huzifuata.

Kwa Jambiani, jueni kwamba maji yakipwa upande wa mashariki bahari huondoka mbali sana, na mtakaa saa kadhaa mkitazama mchanga. Kwa mtoto mdogo hilo ni zuri, vidimbwi vya joto vya kuchezea, mradi avae viatu vya maji kwa ajili ya wale wanyama wenye miiba mirefu myeusi. Waulizeni wavuvi saa za maji kujaa. Kila siku husogea mbele kama dakika 50. Wakati wa bamvua, mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hurudi kwa kasi, mtoto asiwe mbali na ufuo. Jua la saa 5 hadi saa 9 mchana mpeni kivuli hata kukiwa na mawingu. Boti ya kuvukia Zanzibar pandeni ya asubuhi, kwa sababu Agosti kusi linavuma na mchana mkondo huchafuka. Kaeni chini, katikati, kuelekea nyuma, na asinywe maziwa mengi kabla.

Mkisharudi, andika karatasi uibandike kwenye friji: "Tulikuwa Tanzania, tumerudi 24 Agosti." Yeyote kati yenu akipata homa ndani ya mwaka mmoja, hasa miezi 3 ya kwanza, aende hospitali siku hiyo hiyo na aseme maneno hayo kabla hajaulizwa, aombe kipimo cha malaria. Daktari wa Leicester akimwona mtoto mwenye homa mwezi Oktoba atafikiria mafua ya shule ya chekechea, usipomwambia. Na mlezi wake wa mchana mpe nakala ya karatasi hiyo pia.

Shangazi